Kulisha, Kulaza, Kuuguza

Kiswahili kina vitenzi vinavyokwenda viwili viwili: pungua na punguza, tulia na tuliza, legea na legeza, tembea na tembeza. Cha kwanza hutaja hali, cha pili humtaja aliyeisababisha. Ugua na uguza ni jozi ya namna hiyo hiyo kwa umbo, ila kwa maana imejitenga. Anayemtuliza mtoto humfanya atulie. Anayemuuguza mtu hamfanyi augue. Hukaa naye katika kuugua kwake, akampa maji, akamgeuza ubavu, akakesha naye, mpaka siku atakapopona au atakapofariki. Umbo ni la kusababisha, maana ni ya kubaki pamoja. Humo ndimo lilimotoka jina la muuguzi, na kwa maoni yangu hakuna kazi iliyopewa jina zuri kuliko hilo.

Hapa Nguba, mtaa wa Bukavu, jina hilo tunalisikia redioni kuliko barabarani. Mtaani tunasema “enfirmie”, au tunamwita “munganga” kila mwenye koti jeupe, awe daktari, awe mtu wa maabara, awe kijana aliyekuja kujifunza kupima joto. Vijana wa mtaa huu wanaoingia mwaka wa kwanza wa uuguzi, wengine katika chuo cha serikali cha ISTM, wengine katika vyuo vya makanisa na vya watu binafsi, wanaitwa munganga na majirani kabla hawajamgusa mgonjwa hata mmoja. Kitu cha kwanza wanachokutana nacho chuoni si wagonjwa. Ni maneno.

Chukua “semestri”. Kaka na dada zao waliotangulia hawakuijua. Walisoma graduat miaka 3, aliyejaliwa akaongeza licence miaka 2, na mwaka ulipimwa kwa sesioni ya kwanza na sesioni ya pili. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vya Kongo vimehamia mfumo wa LMD: licence ya miaka 3, semestri 6, kredi 30 kwa kila semestri, kredi 180 mpaka kumaliza. Neno licence limebaki lile lile, kumbe mahali pake pamehama. Mzazi aliyesoma zamani akiambiwa mwanawe yuko licence ya kwanza, hudhani mtoto amerukishwa miaka mitatu, na huenda akaanza kuulizia kazi.

Halafu kuna valvu. Ubao wa matangazo wa chuo tumerithi kuuita “valves” kutoka Kifaransa cha Wabelgiji; Mfaransa wa Paris hatakuelewa. Mwanafunzi huanza asubuhi kwa kusoma ratiba kwenye valvu, kisha huingia oditwari kuambiwa kwamba moyo una valvu 4, na kwamba mojawapo inaitwa mitrali kwa sababu wataalamu wa zamani waliiona inafanana na kofia ya askofu. Katika mji wenye askofu mkuu, kofia hiyo watu wanaijua, na jina hilo hukaa kichwani upesi. Mengine hayana picha ya kushikilia. Hypo na hyper hutofautiana kwa sauti ndogo mno mwisho wa neno, na katika oditwari iliyojaa, bila kipaza sauti, sauti hiyo haifiki viti vya nyuma. Lakini moja ni chini ya kiasi na nyingine ni juu ya kiasi, na mgonjwa anaweza kufa katikati yake. Tena kwetu “tension” peke yake tayari ni ugonjwa. Mtu akisema “mama iko na tension”, amemaanisha shinikizo la damu liko juu; la chini halimjii akilini. Basi mwanafunzi anapaswa kuliuliza upya neno alilolisikia tangu utotoni: tension ipi, ya juu au ya chini, na nani aliipima?

Binti wa dada yangu yumo katika kundi hilo. Umeme wa SNEL ukiwapo jioni, husoma silabusi kwa sauti mezani kwangu. Silabusi kwetu si muhtasari. Ni kitabu kizima cha maelezo ya mwalimu, na kina bei yake. Jioni moja alisema: “Kazi haiko nguvu, tonton. Ni Kifaransa njo iko nguvu.” Nikauangalia ukurasa uliomchosha, nikakuta mahitaji 14 ya Virginia Henderson.

Henderson alikuwa muuguzi wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1897 na kufariki mwaka 1996. Maelezo yake ya kazi hii yalienezwa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1960, na mpaka leo shule za uuguzi zinazofundisha kwa Kifaransa huyaweka mlangoni kabisa mwa masomo. Fikra yake ni hii: muuguzi humsaidia mtu, mzima au mgonjwa, kutenda yale ambayo mtu huyo angeyatenda mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au maarifa ya kutosha; na humsaidia kwa namna itakayomrudishia kujitegemea mapema iwezekanavyo. Kisha huja orodha: kupumua, kula na kunywa, kwenda haja, kujongea, kulala, kuvaa, kubaki na joto la kadiri, kuwa safi, kuepuka hatari, kuzungumza na wengine, kuabudu, kufanya kazi, kuburudika, kujifunza.

Binti alikuwa akiyakariri kwa Kifaransa na yakimtoroka baada ya la saba. Nikamwomba ayataje kwa Kiswahili, kisha kila kitenzi akitie katika kauli ya kutendesha. Kula, akasema kulisha. Kunywa, kunywesha. Kulala, kulaza. Kuvaa, kuvisha. Kuoga, kuogesha. Kugeuka ni kugeuza, kukaa ni kukalisha, kutembea ni kutembeza. Kupata joto ni kupashwa joto, na anayepasha ndiye muuguzi. Kuepuka hatari, kuepusha. Kusema, kusemesha. Kusali, kusalisha. Kucheza, kuchezesha. Kujifunza, kufunza. Alipofika mwisho hakuwa na haja tena ya kuangalia ukurasa.

Hii si mbinu ya kukariri tu. Sarufi yetu ina kauli mbili ambazo mtu huweza kuzichanganya, kutendea na kutendesha, na mpaka kati yake ndio mpaka wa kazi ya muuguzi. Nikikupikia, nikikufulia, nikikuandikia barua, mtendaji ni mimi. Wewe umepokea tu. Nikikulisha, anayekula ni wewe. Nikikutembeza, miguu inayokanyaga sakafu ni yako. Kutendesha humwacha mgonjwa akiwa mtendaji wa tendo lake hata pale nguvu zake zinapotoka kwa mwingine. Alichokieleza Henderson kwa aya nzima, lugha yetu hukibeba katika silabi moja iliyopachikwa mwishoni mwa kitenzi. Naliamini hili kwa dhati, na ningependa kila anayeanza semestri ya kwanza alisikie wiki ya kwanza: mgonjwa anayeweza bado kushika kijiko, usimtende kama asiyeweza.

Vitenzi viwili vilikataa kauli ya kutendesha. Watu hawasemi “kupumuisha”. Mwaka 2020, korona ilipofika, vyombo vya habari vya Kiswahili vilizungumza juu ya mashine za kusaidia kupumua. Na kwenda haja nako hakuna kitenzi cha adabu cha kutendesha. Tunasema kumpeleka msalani, tunaishia mlangoni. Lugha imestahi, na mwanafunzi atajifunza mwenyewe kwamba kazi haiishii mlangoni.

Kuogesha kunahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kitenzi hiki tumezoea kukitumia kwa watoto. Msichana wa miaka 19 akimwambia mzee wa umri wa babu yake “nimekuja kukuogesha”, amemfanya mtoto mbele ya watu wa chumba kizima. Akisema “papa, nimekuja tuoge” au “nikusaidie kuoga”, mzee atainua mkono mwenyewe. Wazee wa pwani walisema mwosha huoshwa. Methali hiyo ilihusu maiti, lakini inafaa pia kwa walio hai, kwa sababu anayemwosha mwenzake leo anaonyesha jinsi ambavyo angependa kuoshwa.

Kulisha ndiko kunakonigusa kuliko yote, kwa sababu ya historia ya mkoa huu. Wanafunzi hujifunza neno kwashiorkor kama neno la kitabuni. Wengi wao wanaijua hali hiyo tangu nyumbani kwa jina la bwaki: mtoto aliyevimba miguu na uso, nywele zimebadilika rangi, hacheki, hataki kula. Kivu ya Kusini iliteswa na bwaki kiasi kwamba katika miaka ya 1960 iliundwa hapa Bukavu kamati iliyojiita Comité Anti-Bwaki, yenye jina la ugonjwa ndani ya jina lake. Lwiro na Katana, kaskazini ya mji, ziliingia katika maandishi ya watafiti wa lishe kwa sababu ya watoto hao. Kwashiorkor nalo halikutoka Ulaya. Ni neno la Kiga, lugha ya Accra, nchini Ghana. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alilipokea kwa akina mama aliowahudumia huko na kulichapisha katika jarida la Lancet mwaka 1935. Neno hilo hutaja ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wa Accra walikuwa wameona chanzo kabla ya daktari: mtoto ameachishwa ziwa, na kilichokuja badala yake hakikumjenga. Tanzania waliunda neno unyafuzi. Hivyo mwanafunzi wa Bukavu anayesikia kwashiorkor oditwarini na bwaki jikoni anasikia akina mama wa nchi mbili wakisema jambo moja, na hana sababu ya kuliona la kwanza kuwa sayansi na la pili kuwa ushamba.

Na hapa kauli ya kutendesha inageuka suala la uhai. Kulisha si kushibisha. Mtoto mwenye bwaki kali akifikishwa hospitali, mapenzi ya bibi yake humsukuma kumjaza ugali na samaki siku hiyo hiyo. Mwili wake hauwezi. Huanzishiwa maziwa yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika mililita 100, kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa sababu moyo na chumvi za mwilini havihimili shibe ya ghafla. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kushuka, ndipo huja F-100, au mchanganyiko wa karanga wa kwenye pakiti. Muuguzi asiyeweza kumweleza bibi, kwa lugha ya bibi, kwa nini leo tunalisha bila kushibisha, atamkuta usiku akimpa mtoto ugali kwa siri.

Bibi huyo ndiye tunayemwita garde-malade. Katika hospitali zetu kila kitanda kina wake: mama, dada, shangazi, amelala sakafuni juu ya kitenge, sufuria kando yake. Yeye ndiye anayepika, anayelisha, anayefua, anayemgeuza mgonjwa alfajiri. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi huja na sindano, kipimajoto na daftari, kisha huenda kitanda kingine. Ukivitazama vizuri vitenzi 14, zaidi ya nusu viko mikononi mwa mwanamke yule wa sakafuni. Ndiye anayeuguza kwa maana ya kale kabisa ya neno. Nimeona vijana wakimpita kana kwamba ni mzigo ulioachwa njiani, na nadhani ni kwa sababu katika maneno yote mapya waliyopewa hakuna lililowaambia kwamba huyo ni mwenzao wa kazi. Yeye anamjua mgonjwa. Wao wanaujua ugonjwa. Lugha inayoweza kuwakutanisha si ile ya silabusi.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa mwaka wa kwanza katika vyuo vya uuguzi vya Bukavu. Mtihani ubaki kwa Kifaransa, kwani ndiyo lugha rasmi ya masomo na wanafunzi wataihitaji. Lakini katika silabusi ya semestri ya kwanza, baada ya ukurasa wa Henderson, ongezeni ukurasa mmoja wenye mahitaji yale 14 kwa Kiswahili, kila moja na kitenzi chake cha kutenda na cha kutendesha, na pembeni yake kwa lugha ya Mashi, kwa ajili ya watakaokwenda mafunzo ya kazi Kabare na Walungu. Palipo na pengo kama la kupumua, waulizeni wagonjwa na garde-malade wao wanasemaje, muandike jibu lao. Orodha ya kuanzia mmeisoma hapa. Isahihisheni, iongezeeni, ichapisheni kabla ya mwaka ujao wa masomo kufunguliwa.