Vidonge vya kuoteshea mbegu ndani ya nyumba: Ukiwa Tanga, uchague vipi?

Unaishi ghorofani Chumbageni au umepanga chumba Ngamiani. Huna hata futi moja ya udongo, ila unataka saladi, mrehani na mnanaa vya kwako mwenyewe. Unaagiza chombo kidogo cha haidroponiki, yaani cha kukuzia mboga kwenye maji bila udongo. Kinakuja na vidonge vichache vya kuoteshea mbegu. Vikiisha ndo kasheshe inaanza: vingine utatoa wapi, na uchukue vya aina gani?

Usikimbilie bei kwanza. Miche mingi ya ndani hufa ndani ya wiki mbili za mwanzo, na mara nyingi mbegu haina kosa lolote. Kosa liko kwenye kile ilichopandwa ndani yake.

Kidonge kinafanya kazi gani?

Mbegu inapoota haihitaji mbolea. Chakula cha siku za mwanzo imekibeba yenyewe. Inachotaka ni unyevu, hewa na mahali pa mzizi kujishikiza. Kidonge kizuri kinabaki na unyevu bila kuwa chepechepe. Kikijaa maji, hewa inakosekana, mche unaoza shingo na kulala chini. Wakulima wanauita ugonjwa huo kinyausi, na ukishaingia kwenye trei unapita mche kwa mche.

Kwa hiyo ukiona tangazo la kidonge "chenye virutubisho vyote", jiulize unalipia nini. Virutubisho utavitia kwenye maji baadaye, majani ya kweli yakishatokea, tena kwa nusu ya kipimo kwanza.

Sponji, piti na rokuuli

Vya sponji ndivyo vinavyokuja na vyombo vingi vya bei nafuu, na kwa saladi na mrehani vinatosha. Kabla ya kutia mbegu, vizamishe na kuvikamua mara mbili tatu humo humo ndani ya maji. Usipofanya hivyo hewa inabaki katikati, juu kunakauka na mbegu inakaa tu. Usikate sponji ya kuoshea vyombo ukadhani ni ile ile, maana nyingine zimetiwa dawa ya kuua vijidudu.

Vile vya kahawia vilivyobanwa kama sarafu nene, ambavyo ukivitia maji vinavimba, ni vya piti. Hayo ni mabaki ya mimea yaliyokaa kwenye vinamasi vya nchi za baridi kwa maelfu ya miaka. Jiffy ya Norway ndiyo iliyovipa umaarufu. Kama unaotesha nyanya au hoho za kuhamishia kwenye ndoo ya udongo, chukua bila wasiwasi. Kwenye chombo chenye pampu ndogo sivipendi: vinaachia chembechembe zinazoziba, na vikikauka kabisa vinakuwa vigumu kulowana tena.

Rokuuli ni nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa. Denmark ilianza kuitumia kwenye kilimo cha bustani mwaka 1969 na vitalu vingi vya Ulaya bado vinaitegemea. Ila kabla ya kuitumia lazima uiloweke kwenye maji yenye pH ya kama 5.5, kwa sababu yenyewe ina ualkali. Vumbi lake kavu linawasha ngozi na koo, na ukimaliza nayo haiozi. Kwa mwenye chombo cha matundu 6 jikoni, ni usumbufu mtupu.

Makumbi yetu, na chumvi yake

Inabaki kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi. Unashika maji vizuri, unaachia hewa, na pH yake kwa kawaida ni 5.5 hadi 6.5, pale pale mboga zinapopenda. Tofali lililobanwa la gramu 650 likiloweshwa linatoa kama lita 8 hadi 9. Ukigawanya kwenye vikombe vidogo, hiyo ni miche mingi sana. Matofali mengi yanayouzwa duniani yanatoka India na Sri Lanka, na inachekesha kidogo mtu wa Pangani kuyaagiza huku minazi imemzunguka.

Lakini hapa ndipo watu wa pwani tunapoumia. Kumbi la nazi lenyewe lina potasiamu na sodiamu nyingi. Halafu kuna makumbi yaliyofukiwa ufukweni ili yalainike kwa ajili ya usumba. Kwa anayesokota kamba, maji ya bahari ni msaada. Kwa mche wa saladi ni sumu.

Mimi mwenyewe nilianza hivyo. Niliokota makumbi pwani, nikayapukuta unga wake, nikasia mbegu 20 za saladi. Zikaota 3, na ncha za majani zikaungua kabla wiki haijaisha. Nikalaumu mbegu, nikanunua nyingine, yakatokea yale yale.

Sasa nafanya hivi. Nachukua makumbi makavu ya shambani, si ya ufukweni. Unga naulowesha kwenye ndoo ya maji baridi usiku kucha, naukamua, namwaga, narudia. Maji yakiwa bado na rangi ya chai, naendelea. Mara ya mwisho nauloweka kwa saa 12 kwenye maji yenye mbolea ya nitrati ya kalisi, kama gramu 1 kwa kila lita. Kalisi inakwenda kukalia nafasi za sodiamu na potasiamu kwenye unga na kuzifukuza. Bila hatua hiyo, unga utakuja kuiba kalisi ya mche wako baadaye. Ukienda duka la pembejeo sema jina lote, usije ukapewa CAN, hiyo ni mbolea nyingine. Kisha nasuuza mara moja na kukamua.

Ukiwa na kile kipimo cha kalamu cha kupimia chumvi kwenye maji, pima maji unayokamua. EC ikiwa chini ya 0.5, sia mbegu. Tofali la dukani nalo lipime hivyo hivyo, hata kama limeandikwa "limeoshwa".

Na maji unayooshea je? Ya bomba Tanga mjini yanatoka mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, hayo hayana shida. Visima vya karibu na bahari mara nyingi vina chumvi, ukioshea hayo unazunguka pale pale. Maji ya mvua ni bora kuliko yote.

Singa za mkonge je? Watu wa Tanga lazima waulize. Ni nzuri kwa kamba, ila hazishiki maji kama unga wa makumbi.

Joto nalo

Mbegu za saladi zinapenda nyuzi 15 hadi 22. Zikipita 28 au 30, aina nyingi zinagoma kuota, hata kidonge kiwe cha dhahabu. Kati ya Desemba na Machi mchana wa Tanga unapita hapo kirahisi. Ndiyo maana saladi nyingi tunaletewa kutoka Lushoto, kule juu milimani.

Kwa hiyo sia jioni, na trei iweke chini sakafuni karibu na mtungi, si dirishani kwenye jua. Wengine huzifunga mbegu kwenye kitambaa kibichi na kuziweka kwenye friji (si friza) siku mbili, ndipo wanazipandikiza kwenye kidonge. Usizifukie, saladi nyingi zinataka mwanga ili ziote. Mchicha hauna mambo hayo, joto ndilo kwao.

Kabla hujalipa

Pima tundu la chombo chako kwa rula. Vidonge vingine vinaingia kwenye chombo cha kampuni moja tu. Mwishoni mwa 2024 wamiliki wa AeroGarden, jina kubwa la Marekani kwenye vyombo hivi, walitangaza kuifunga kuanzia Januari 1, 2025. Fikiria una mashine mezani na hujui vidonge utapata wapi. Vikombe vya kawaida vyenye matundu, vya upana wa sentimita 5, unaweza kuvijaza chochote: kokopiti, sponji, hata kuvibadilisha katikati ya msimu.

Tena si lazima pampu. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alieneza njia ya ndoo iliyofunikwa, mche unaning'inia juu ya maji na mizizi inayafuata yanavyopungua. Umeme ukikatika hakuna kinachoharibika. Hakikisha tu siku ya kwanza sehemu ya chini ya kidonge inagusa maji.

Nunua vidonge vitano kwanza, si mia. Kila kimoja kitie mbegu mbili na usubiri siku 10. Vikiota vinne, rudi dukani.