Lucban, Mji wa Mpunga na wa Hermano Pule

Kiping huanzia kwenye jani. Mama mmoja wa Lucban alinionyesha jikoni kwake: alichagua jani pana lenye mishipa iliyotokeza, akalipangusa, akalimwagia rojo la mchele uliolowekwa na kusagwa, lililotiwa rangi nyekundu. Akaliinamisha huku na huku mpaka rojo likaenea, lililozidi likarudi bakulini. Jani likaingia kwenye mvuke kwa dakika chache, likatolewa, likaachwa lipoe. Alipolibandua taratibu, mkononi mwake likabaki jani la pili, la mchele mtupu, lenye kila mshipa wa lile la kwanza, jepesi kama ganda la kitunguu. Majani hayo hugandamizwa yasijikunje, hukaushwa, kisha hutungwa kwa mamia yakawa mapambo makubwa ya kuning'inia madirishani. Sikukuu ya mavuno ikipita, hukaangwa yakaliwa. Nimekulia Kilombero na mpunga nimeufanyia kazi maisha yangu yote, lakini sijaona kwingine mchele ukiheshimiwa namna ile.

Nilikuwa masomoni Los Baños, Ufilipino, kwenye kituo cha kimataifa cha utafiti wa mpunga kilichoanzishwa mwaka 1960, ambako watafiti wa Afrika Mashariki wamekuwa wakipelekwa kujifunza. Darasani tulizungumzia IR8, mbegu fupi iliyotolewa mwaka 1966 ikabadili kilimo cha Asia. Kuhusu wakulima wenyewe tulisikia kidogo. Ndiyo maana nilipenda kupanda jipni, gari la abiria la huko, kuelekea milimani, kupitia Luisiana, mpaka Lucban, mji mdogo wa mkoa wa Quezon chini ya mlima Banahaw. Huko kuna ubaridi na mvua haikatiki, na maji ya mlimani hushuka mashambani.

Sikukuu yao huitwa Pahiyas, nayo ni tarehe 15 Mei, siku ya San Isidro Labrador, mkulima wa Madrid aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1622. Wazee husimulia kwamba zamani kila mkulima alibeba mavuno yake hadi kanisani yakabarikiwe. Mavuno yakazidi nafasi, basi ikawa kila mtu huyaweka mbele ya nyumba yake na padri ndiye anayepita. Hadi leo maandamano ya mtakatifu hayapiti njia ileile kila mwaka. Mitaa hupokezana, kwa hiyo familia inaweza kungoja miaka kadhaa kabla zamu yake haijafika. Ikifika, ukuta mzima hufunikwa: masuke ya mpunga, maboga, bilinganya, kofia za nyuzi za mmea wa buri, soseji za kienyeji zenye harufu ya kitunguu saumu. Barabarani watu hula tambi juu ya kipande cha jani la mgomba, bila uma wala kijiko, wakilipeleka jani moja kwa moja mdomoni.

Wageni hupiga picha wakaondoka. Kinachoniuma ni kwamba wengi wao hawasikii habari za kijana aliyezaliwa katika mji huohuo mwaka 1815, Apolinario de la Cruz, ambaye watu walimwita Hermano Pule.

Wazazi wake walikuwa wakulima. Alitaka kuwa mtawa. Akaenda Manila, akaomba kupokewa katika shirika, akakataliwa, kwa sababu chini ya utawala wa Kihispania mashirika ya watawa yalikuwa yamewafungia mlango wenyeji. Akabaki kuhudumu katika hospitali ya San Juan de Dios, akisoma na kuhubiri. Mwaka 1832 yeye na wenzake wachache wakaanzisha udugu wa San José. Walikutana kila tarehe 19 ya mwezi, wakasali na kula pamoja, na kila mmoja akatoa mchango wa reale moja. Mhispania hakuruhusiwa kujiunga bila idhini ya Pule. Wengine wameliita jambo hilo chuki. Mimi naliona kuwa jibu la watu waliofungiwa mlango, wakajenga nyumba yao.

Udugu ukaenea katika mikoa ya Tayabas, Laguna na Batangas, ukapata maelfu ya wafuasi, wengi wao watu wa mashambani. Hapo mapadri wakaingiwa na hofu. Oktoba 1840 mkutano wao mjini Lucban ulivamiwa na watu wakakamatwa kwa mamia. Pule aliandika maombi kwa wakuu wa kanisa na wa serikali ili udugu utambuliwe kihalali, akakataliwa tena. Mwaka uliofuata wafuasi wake walikusanyika karibu na mji wa Tayabas. Gavana wa mkoa, Joaquín Ortega, aliwashambulia tarehe 23 Oktoba akauawa. Tarehe 1 Novemba jeshi likaishambulia kambi yao ya Alitao na kuua mamia. Pule alikamatwa na kuuawa tarehe 4 Novemba 1841, akiwa na miaka 26. Mwili wake ulikatwa vipande vikaonyeshwa hadharani.

Waliodhani yamekwisha walikosea. Januari 1843 askari wa kikosi cha Tayabas, waliokuwa kambini Manila, waliasi wakiongozwa na sajini Irineo Samaniego. Walishindwa, nao wakauawa. Walionusurika katika udugu walikimbilia Banahaw, na mlima huo umeendelea kuwa mahali pa mahujaji na madhehebu ya wenyeji. Mwaka 1979 mwanahistoria Reynaldo Ileto alichapisha kitabu *Pasyon and Revolution*, akionyesha kwamba watu hawa hawakuwa wajinga waliopotoshwa, kama maofisa wa Kihispania walivyoandika. Waliifahamu vizuri hadithi ya mateso ya Kristo, wakaiona kuwa inawahusu.

Siwezi kulitazama dirisha la kiping bila kumfikiria Pule. Wakulima walioambiwa kwamba mambo ya Mungu yana wenyewe ndio babu zao hao wanaomtandikia mtakatifu mpunga njiani. Na ugumu wao haujaisha. Mwaka 2019 sheria mpya iliondoa kikomo cha mchele unaoagizwa kutoka nje, ikaweka ushuru badala yake, na bei ya mpunga shambani ikaporomoka nchi nzima. Atakayekwenda Pahiyas asiondoke bila kumuuliza mwenye nyumba ameuza mpunga wake kwa bei gani. Kisha apande jipni hadi Tayabas, si mbali, ambako Pule ana sanamu yake.