Kuchonga na Kukereza: Historia Fupi ya Vibweta vya Ukambani

Kiswahili hutofautisha kazi mbili ambazo wanunuzi wa vinyago huzichanganya. Kukereza ni kuuzungusha mti kwenye kerezo, fundi akiutegea chembeu. Kuchonga ni kuushika mti ukatulia, na tezo ndiyo inayotembea. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda. Wakamba walichonga. Kwa hiyo kibweta cha mviringo kitokacho Machakos, hata kikilainika namna gani, kwa kawaida ni kazi ya tezo, patasi na msasa.

Ufundi huo una tabaka mbili. Tabaka kongwe ni la vyombo vya nyumbani: vigoda, miko, mizinga ya nyuki na vyombo vya kutilia ugoro. Tabaka la pili lilianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918). Mutisya wa Munge, mwenyeji wa Wamunyu, alitumikia jeshi la Waingereza Tanganyika, akarejea na mbinu alizojifunza kwa wachongaji wa huko. Hapana budi kusisitiza kwamba hakuleta uchongaji kwa watu wasioujua. Kilichogeuka ni mnunuzi. Chombo kilichokuwa cha mwenye nyumba kikawa pambo la mgeni.

Mgeni huyo alikuja kwa reli. Simulizi za Wakamba humtaja Syokimau, mtabiri wa kike wa karne ya 19, kuwa alitabiri nyoka mrefu atakayepita nchini. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899. Na mahali panapoitwa kwa jina lake pana stesheni tangu 2012. Wachongaji nao walishuka hadi Mombasa, wakaunda ushirika wao Changamwe mwaka 1963.

Faida hiyo ililipwa na msitu. Muhugu na mpingo, miti yenye nyuzi laini na isiyopasuka upesi, hukua polepole mno. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo inadhibitiwa kwa mkataba. Wachongaji wengi wamegeukia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, ambayo sharti ikaushwe kwa subira. Kumbe tabaka la tatu la historia hii limekwisha kuanza: tezo ni ile ile, mti ndio uliobadilika.