Objekti za Java na Masharti ya XML

Mwezi wa Februari 1998, shirika la W3C lilipoitangaza XML kuwa kanuni ya kuandikia hati za kompyuta, lugha ya Java, iliyotoka katika kampuni ya Sun Microsystems, ilikuwa haijatimiza hata miaka mitatu tangu kutangazwa kwake. Na mafundi wa programu, waliokuwa wakitaabika kupelekeana habari baina ya mashine zisizofanana, wakaona kwamba wamejaaliwa lugha ya kutendea kazi na hati ya kusafirishia matokeo yake. Ila Java haiahidi kwamba sehemu za objekti, yaani fungu la data linaloandikwa katika hati hiyo, zitasomwa kwa mpangilio fulani, ilhali hati husomwa toka juu kushuka chini. Na Mei 2001, kanuni ya skima, yaani maelezo ya umbo la hati, ilipopitishwa, haikutosha tena alama za hati kufungwa sawasawa: skima iliweza kuamuru kwamba jina litangulie anwani, na tarehe iwe tarehe ya kweli.

Awali aghalabu kila fundi aliandika ugeuzaji wa objekti kuwa hati kwa mkono wake, mstari kwa mstari, na skima ikibadilika huanza upya. Mwaka 2003 ikatoka JAXB 1.0, zana ya Java ya kufanya ugeuzaji huo, ambayo ndani yake skima ndiyo iliyotawala: chombo kiitwacho xjc huisoma, kisha huzaa msimbo wa Java wa kuifuata. Toleo la 2.0, la mwaka 2006, likitumia alama za maelezo zilizokuja na Java 5, likaruhusu na kinyume chake, skima izaliwe na msimbo. Kwa rai yangu utaratibu wa kwanza, pamoja na uzito wake, ulikuwa na adabu zaidi, maana skima ni mkataba wa watu wawili, nao haufai kuandikwa na mmoja wao peke yake.

Tena wengi walidhani kwamba alama hizo za maelezo zatosha kuihalalisha hati. Sivyo: sehemu iliyotajwa kuwa ya lazima, ikiwa tupu, huachwa kimya kimya, na hati hutoka pungufu bila ya onyo, isipokuwa mgeuzaji amekabidhiwa skima kwa amri ya setSchema, na mpangilio nao hauna dhamana mpaka utajwe katika orodha ya propOrder.

JAXB iliingizwa katika Java 6 mwishoni mwa 2006, ikaondolewa katika Java 11 mwaka 2018, na sasa hutunzwa na Eclipse Foundation kwa jina la Jakarta XML Binding.