Jigi ya matundu ya mshazari

Jigi ya matundu ya mshazari ni kifaa cha useremala kinachoongoza biti ya drili iingie kwenye ubao kwa pembe ya takriban nyuzi 15, ili skrubu itokee mwishoni mwa ubao huo na kuushika wa pili. Biti yake ina unene wa aina mbili: ncha nyembamba hutangulia, sehemu nene huchimba mahali pa kukalia kichwa cha skrubu. Ubao wa unene wa milimita 19 huchukua skrubu ya urefu wa milimita 32. Skrubu yenye meno mapana hufaa kwa mbao laini kama msonobari, yenye meno ya karibu kwa mbao ngumu kama mninga. Mbao zisipobanwa kwa klampu huteleza skrubu inapokazwa, na hapo ndipo wanaoanza hukwama. Kiungo kinachofungwa kwa njia hii kinatosha kwa fremu ya kabati. Kwa miguu ya kiti, kiungo cha ulimi na tundu ni imara zaidi.