Breki za gari lenye injini nyuma: kutoka Safari Rally mpaka bajaji za Ifakara

Leo naweka vitabu vya kozi pembeni tuongee historia kidogo. Swali lenyewe ni hili: ukitaka kushindana na gari ambalo injini yake iko nyuma, unalichagulia breki gani? Wengine watasema hayo ni mambo ya Ulaya. Wapi! Yamejaribiwa hapa hapa, kwenye matope ya Afrika Mashariki.

Turudi 1953. Mwaka huo yalianza mashindano ya Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili. Njia ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa yanafanyika Pasaka, yaani masika yenyewe, na mtu wa bonde la Kilombero hahitaji kuelezwa masika inaifanyia nini barabara ya udongo. Basi kigari kidogo, Volkswagen Beetle, kikawatoa watu jasho. Alan Dix ndiye anayetajwa kuwa mshindi wa 1953, Vic Preston akashinda 1954, Gus Hofmann 1957 na Tommy Fjastad 1962, wote na Volkswagen. Siri ilikuwa injini: uzito umekalia magurudumu ya nyuma, na hayo hayo ndiyo yanayosukuma, kwa hiyo yanashika tope badala ya kuzunguka bure.

Sasa kupanda mlima ni jambo moja, kusimama ni jingine. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele. Kwenye gari la kawaida nyuma panabaki pepesi, kwa hiyo breki za nyuma zinafanya kazi kidogo tu. Kwenye gari la injini nyuma bado pana uzito, hivyo unaweza kuzipa za nyuma kazi kubwa zaidi. Ila usizidishe! Magurudumu ya nyuma yakifunga kabla ya mbele, ile injini inageuka kama jiwe kwenye kamba, gari linazunguka na dereva anaelekea mtaroni. Kwa hiyo kanuni ni moja: nyuma ziwe na nguvu, lakini mbele zifunge kwanza.

Halafu kuna aina ya breki. Beetle za enzi hizo zilikuwa na breki za dramu, na kanuni za mwanzo zilitaka magari yawe kama yanavyouzwa dukani, kwa hiyo nafasi ya kubadilisha ilikuwa finyu. Dramu ikishuka mlima mrefu inapata moto na kupoteza nguvu. Ikivuka mto maji yanaingia ndani, unakanyaga lakini gari haliji. Madereva wanakanyaga kidogo kidogo mpaka zikauke. Diski inapoa haraka na kujikung'uta maji yenyewe. Porsche 911 ilipoingia sokoni 1964 ilikuwa na diski magurudumu yote manne, wakati magari mengi yaliweka diski mbele tu.

Porsche walileta 911 kwenye Safari. Björn Waldegård akawa wa pili 1974. Mwaka 1978 wa pili akawa Vic Preston Junior, mtoto wa yule bingwa wa 1954! Baba kwenye Beetle ya dramu, mwana kwenye Porsche ya diski, na injini ziko nyuma zote. Waldegård naye akaja kushinda Safari ya magari ya zamani mwaka 2011, na 911.

Mnaona hayo yako mbali na Ifakara? Angalieni bajaji. Injini nyuma, abiria nyuma, breki za dramu. Ni hesabu ile ile ya Beetle. Inapobeba watu watano na magunia ya mchele, ikapita kwenye dimbwi kisha mtoto akakatiza barabara, dereva anahitaji zile breki za nyuma kuliko kitu chochote. Kwenye mashindano breki mbovu inakunyima kombe. Huku mtaani inaua. Kwa hiyo jamaa wa bajaji, viatu vya breki vikiisha badilisheni vyote, siyo upande mmoja, na mkitoka kwenye maji kausheni kwanza.

Haya, kipindi kinaanza, ngoja niwahi. Tuonane wiki ijayo!