Ziara za kilimani (besiboli)
Ziara ya kilimani ni kocha au mchezaji kumwendea mrushaji wa timu yake kwenye kilima anaporushia mpira ili washauriane mchezo ukiwa umesimama. Ili kuharakisha michezo, ligi ya MLB ya Marekani iliweka kikomo mwaka 2018: ziara 6 kwa kila timu katika mizunguko 9, kisha 5 mwaka 2019 na 4 mwaka 2024. Kanuni nzito zaidi ni ya zamani, na besiboli ya vyuo vya Marekani (NCAA) inayo pia: kocha akimfuata mrushaji yuleyule mara ya pili katika mzunguko mmoja, mrushaji hutolewa. Tangu 2022, vifaa vya PitchCom vinavyopitisha ishara kielektroniki kati ya mdakaji na mrushaji vimepunguza haja ya mdakaji kwenda kilimani.